Nani Aitwe, Nani Aachwe: Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Mwezi huu bahasha karibu zote zimekuja na kilio kimoja. Mchujo wa michezo ya shule umepita, vikosi vya wilaya vimetangazwa, na kila orodha iliyosomwa imeacha kijana pembeni mwa uwanja akifunga kamba za viatu ambavyo hatavivaa kambini. Nimekaa kwenye kamati za uteuzi za netiboli na riadha hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu, na sijawahi kuiona kazi hiyo kuwa nyepesi. Nimezichagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki. Dada yangu ameolewa Brisbane, na shemeji ndiye aliyenifundisha kuangalia raga ya ligi kwenye simu. Nashabikia Queensland. Mwaka 2025 walipofungwa mechi ya kwanza, kocha akamwacha nahodha wake. Wenzangu kijiweni walisema ni sawa, mimi nikasema ni kumvunjia mtu heshima. Kisha Queensland wakashinda mbili zilizobaki, nikanyamazishwa. Je, kushinda kwao kunaonyesha kwamba kocha alikuwa sahihi?
*Fundi, Chumbageni*

Marahaba, mwanangu. Niwaeleze kwanza wasomaji ambao hawajaiona raga ya ligi. Ni mchezo wa timu ya watu 13, ndugu wa raga ile ya watu 15 ambayo Afrika Mashariki inaijua zaidi. Kila mwaka majimbo mawili ya Australia, Queensland na New South Wales, hukutana mara tatu. Msimu mzima wachezaji hao wamo kwenye klabu zao, wengine wakivaa jezi moja. Zikifika mechi hizo kila mmoja hurudi upande wa kwao na kumkaba mwenzake wa mazoezi bila huruma. Jezi hiyo haiombwi, unaitwa. Ndiyo maana orodha ikitoka watu hawalali.

Kisa chako kilikuwa hivi. Queensland walifungwa 18–6, tena nyumbani kwao Brisbane. Kocha Billy Slater akamwacha nahodha Daly Cherry-Evans, mwenye umri wa miaka 36, jezi namba 7, ya kiungo anayeongoza mashambulizi, akampa Tom Dearden, na unahodha akamkabidhi Cameron Munster. Perth wakashinda 26–24, Sydney wakashinda 24–12, kombe likawa lao.

Wenzako kijiweni wamelichukua kombe hilo kama ushahidi. Mimi silikubali. Mechi inayoamuliwa kwa pointi 2, kama ile ya Perth, ingeweza kuangukia upande wowote kwa mpira mmoja uliodondoka. Je, ungedondoka, uamuzi ule ule ungekuwa mbaya? Mteuzi hupimwa kwa yale aliyoyajua asubuhi ya kuandika majina: nani ana pumzi, nani anaelewana na nani, mpinzani anaumiza wapi. Kwa kipimo hicho naona Slater alikuwa na hoja. Timu yake ilikosa makali karibu na mstari wa goli wa New South Wales, na Dearden ni kijana anayekimbia mwenyewe na kukaba kama mtu mwenye deni. Hiyo ni sababu ya mchezo. Kama angemwacha nahodha ili kuwatuliza waandishi wa magazeti, ningekuwa upande wako hata kama kombe lingekuja.

Lakini fundi, usidhani kwamba kubadilisha ndiyo ujasiri peke yake. Mwaka 2006 Queensland walikuwa wamepoteza mashindano matatu mfululizo, na kocha mpya Mal Meninga akapoteza mechi yake ya kwanza 17–16. Watu walitaka vichwa. Yeye akashikilia kundi lake kubwa, wakashinda 30–6, kisha 16–14, na kuanzia hapo Queensland wakatwaa kombe miaka 8 mfululizo, mpaka 2013. Wenyewe wanajisifia hilo: mtu akishaitwa, haachwi kwa siku moja mbaya.

Na kuna uteuzi ambao ukiusikia unadhani mtu anatania. Mwaka 2001 kila upande ulikuwa umeshinda mechi moja, na kocha wa Queensland Wayne Bennett akamtoa Allan Langer Uingereza, alikokuwa akichezea Warrington. Miaka 34! Alikuwa ameshawaaga watu wa Queensland. Aliletwa kwa ndege, akaongoza timu, wakashinda 40–14. Miaka mitatu baadaye New South Wales nao, baada ya wachezaji wao wa kiungo kuumia, wakamrudisha Brad Fittler aliyekuwa amestaafu timu ya jimbo. Mechi yake ya kwanza wakafungwa 22–18, na mmoja wa waliofunga kwa upande wa Queensland, kwa bao linalokumbukwa mpaka leo, alikuwa Slater huyohuyo akiwa kijana. Mechi ya mwisho Fittler akafunga, New South Wales wakashinda 36–14.

Unaona mambo yalivyo: mzee akiitwa yupo aliyeshinda, mzee akiachwa yupo aliyeshinda. Kwa hiyo waambie wenzako wamtetee kocha kwa sababu zake, kombe waliweke kando. Kuhusu heshima, mimi nauliza jambo moja tu. Nahodha aliisikia habari yake kwa nani, na alielezwa nini? Akielezwa na kocha mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya dunia kujua, heshima yake haikuguswa. Akisikia redioni, amevunjiwa.

Mwalimu, shikamoo. Nina binti wa kidato cha tatu, mfungaji wa netiboli. Siku za mchujo alifunga kuliko wenzake wote, walimu wenyewe walisema. Halafu ikabandikwa karatasi mlangoni kwa ofisi, jina lake halimo. Aliyeitwa nafasi yake watu wanasema ana jamaa kwenye kamati. Mwanangu hali, haendi mazoezini. Nimwambie nini? Na niende nikapambane au ninyamaze?
*Mama, Makorora*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako niliisoma usiku, nikaisoma tena asubuhi.

Nianze na ile karatasi, kwa kuwa ndiyo inayonikasirisha kuliko yote. Mtoto wa miaka kumi na sita amejituma mbele ya watu wazima, ameamka alfajiri, amepanda daladala na viatu mkononi, na jibu analopewa ni karatasi mlangoni, akisukumana na wenziwe kuisoma, wale walioitwa wakipiga vigelegele pembeni yake. Huo si utaratibu wa kulea wachezaji. Nilipokuwa kwenye kamati, orodha haikubandikwa mpaka tumezungumza na kila tuliyemwacha. Tulikaa chini ya mwarobaini, mtoto mmoja mmoja, mpaka giza. Wengine walilia, mmoja aliondoka bila kuaga. Lakini kila mmoja alijua aliachwa kwa nini na akafanye nini. Wenzangu walionilaumu kwamba nachelewesha safari niliwaambia basi litasubiri.

Sasa kuhusu kufunga kuliko wote. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kikosi cha wilaya hakiandikwi kwa kuhesabu mabao. Netiboli ina watu saba uwanjani, na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu. Wawili hao ni lazima waelewane. Ukiwa na mfungaji mrefu anayesimama chini ya goli na kungoja mpira wa juu, mwenzake lazima awe mtembezi, mwenye mikono ya kutoa pasi kali. Ukiwaweka warefu wawili wanaongoja, mpira hauwafikii. Pengine binti yako na yule mrefu aliyeitwa ni wa aina moja. Pengine kamati ilitazama ulinzi wake mpira unapopotea, jambo ambalo wazazi tukiwa pembeni hatulioni, maana macho yetu yako golini. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hujui bado, na mwanao hajui, na ndilo jambo la kwanza la kutafuta.

Kwa hiyo usinyamaze, ila usiende kupambana. Nenda kwa mwalimu aliyeongoza kamati, siku ya kazi, hasira zikiwa zimetua. Usitaje jina la mtoto aliyeitwa. Muulize mlikuwa mnatafuta nini kwa wafungaji, binti yangu alipungukiwa wapi, na kama nafasi ikitokea mnamwita nani. Mwalimu mwenye sababu atakujibu papo hapo, tena kwa furaha, kwani hakuna mtu anayemwuliza maswali hayo. Asiye na sababu atakuambia "uamuzi ni wa kamati". Ukijibiwa hivyo, andika barua ya kistaarabu kwa afisa michezo, uombe maelezo yaleyale kwa maandishi.

La jamaa kwenye kamati siwezi kulihukumu kutoka mezani kwangu, na maneno ya watu yana miguu mirefu. Ila najua kanuni ambayo ingewaziba watu midomo: mwenye mtoto, mpwa au mtoto wa jirani kwenye mchujo atoke nje jina hilo linapojadiliwa, na itamkwe mbele ya wote kwamba ametoka. Tulifanya hivyo kwetu. Mjumbe mmoja alitoka, mwanawe akaitwa, na hakuna aliyenong'ona. Mjumbe mwingine alitoka, mwanawe akaachwa, na urafiki wetu ukabaki. Kamati isiyofanya hivi inawaumiza hata watoto wanaostahili, maana huyo binti aliyeitwa huenda ni hodari kweli, na sasa kila atakapokosa goli atasikia jina la mjomba wake.

Na binti yako. Usimwambie ameonewa. Ukimwambia hivyo kabla ya kujua, umempa sababu ya kutorudi uwanjani, na hiyo ndiyo hasara pekee isiyorekebishika. Mwambie hivi: mwaka 2006, timu ya New South Wales ilikuwa na uhaba wa wachezaji wa kiungo, ikamwita dakika za mwisho kijana aitwaye Brett Finch ambaye hakuwa chaguo la kwanza wala la pili. Aliingia mechi hiyohiyo niliyoitaja juu, ile ya 17–16. Pointi ile moja ya ushindi, mpira wa teke uliopita katikati ya nguzo mwishoni kabisa, ni Finch aliyeupiga. Angekuwa amelala nyumbani na majonzi yake, simu ingemkuta hana pumzi. Watoto huumia kambini, huugua malaria, hurudishwa kwa ajili ya mitihani. Kila mwaka kuna anayeitwa baadaye. Aende mazoezini leo jioni, aombe afanyishwe pasi za kutembea, ili mara ijayo kamati ikitafuta mfungaji wa aina yoyote imkute yeye.

Na mpikie anachopenda. Hilo halina kanuni.

Habari za kazi, Mwalimu mwenzangu. Hapa Bagamoyo nina mwanafunzi wa bweni aliyezaliwa Pangani. Ni mkimbiaji wa mita 800, tunamtegemea. Mjomba wake amenipigia simu mara kadhaa akidai kijana ni wa Tanga na arudi kuikimbilia Tanga. Kijana mwenyewe anasema moyo wake uko Pangani. Haki iko wapi?
*Mwalimu wa michezo, Bagamoyo*

Salama, mwenzangu. Kwa michezo ya shule za sekondari jibu ni fupi: mwanafunzi huwakilisha mkoa wa shule anayosoma. Bagamoyo iko Pwani, kijana ni wa Pwani. Mjomba anywe maji.

Lakini moyo wa kijana nauelewa, na swali lake ndilo lililozaa mashindano yale ya Australia ninayoyataja leo bila kuchoka. Zamani mechi za Queensland na New South Wales zilikuwa kama zetu za shule: unachezea jimbo ambalo klabu yako ipo. Klabu tajiri zilikuwa Sydney. Vijana bora wa Queensland walihamia huko kutafuta riziki, na siku ya mechi ya majimbo wakavaa jezi ya New South Wales na kuwapiga ndugu zao. Miaka nenda rudi Queensland walifungwa, na waliowafunga ni watoto wao.

Tarehe 8 Julai 1980, pale Lang Park, Brisbane, ikachezwa mechi ya kwanza ya kila mtu kwao. Arthur Beetson, mzaliwa wa mji wa Roma ulioko Queensland, alikuwa na miaka 35. Alikuwa ameshaiongoza timu ya taifa, Mwaborijini (mzawa wa asili wa Australia) wa kwanza kupewa heshima hiyo, na miaka ya nyuma aliichezea New South Wales kwa sababu ya ile kanuni ya klabu. Wakati huo klabu yake ya Parramatta ilikuwa ikimweka kwenye timu yake ya akiba. Hebu fikiri kamati yetu hapa ingesema nini juu ya mzee wa timu ya akiba! Queensland wakamwita, wakampa na unahodha. Walishinda 20–10. Siku hiyo Mal Meninga alikuwa anatimiza miaka 20, akapiga mateke 7 ya pointi na yote 7 yakaingia.

Nikilisoma jambo hili huwa naiwaza Tanga. Mkoa uliotoa Coastal Union, mabingwa wa nchi 1988, mkoa ambao vijana wake wakishakomaa hupanda basi la Dar es Salaam. Ningetamani kabla sijafa niuone uwanja wetu wa Mkwakwani umejaa, Wagosi, vijana wetu wa Tanga, waliotawanyika katika klabu zote za nchi wamerudi kwa mechi moja kucheza na wa Pwani waliorudi kwao. Ningekaa juani tangu saa nne asubuhi.

Hata hivyo kwa watoto wa shule nasimama na kanuni ya shule. Wewe ndiye unayemwamsha huyo kijana, unayempimia muda ufukweni, unayemtafutia viatu. Tukiruhusu asili, Juni ikifika wajomba watakuwa milangoni na vyeti vya kuzaliwa, na watoto watapelekwa huku na huku katikati ya masomo. Na asili nayo ina ugomvi wake. Greg Inglis, mmoja wa magwiji wa Queensland, alizaliwa na kulelewa New South Wales, ila alisoma sekondari Brisbane, na kanuni za siku zile zilimruhusu. Hasira za New South Wales hazijaisha. Mwaka 2012 masharti yakakazwa, ikatazamwa mtoto aliishi wapi kabla ya kutimiza miaka 13. Hakuna kanuni isiyoacha mtu nje; iliyo bora ni ile iliyojulikana kabla ya mchujo.

Kijana wako mwambie aikimbilie Pwani kwa nguvu zake zote. Pangani itamdai akiwa mtu mzima.

Mwalimu, mimi nacheza nafasi nyingi, kila nikipangwa naweza. Kocha ananiambia hiyo ndiyo sababu siwi wa kwanza popote. Nichague moja?
*Mwanafunzi, Muheza*

Chagua moja uwe hodari kweli, na nyingine ziweke hai. Timu za uteuzi zina siku chache za kambi na viti vichache vya benchi. Katika raga ya ligi, mechi zile za majimbo kwa miaka mingi zilikuwa na wachezaji wa benchi 4 tu, na jezi namba 14 mara nyingi alipewa mtu kama wewe, anayeweza kuziba pengo popote. Ni nafasi ya heshima. Lakini mtu wa namna hiyo naye anahitaji nafasi moja ambayo klabuni hakuna atakayemnyang'anya.

Shikamoo Mwalimu. Niliachwa timu ya wilaya ya mpira wa miguu. Naogopa kumuuliza kocha kwa nini, wenzangu wanasema ataniona jeuri na mwakani ataniacha tena. Niulize au niache?
*Kijana wa kidato cha pili, Pongwe*

Marahaba, mwanangu. Uliza. Kocha anayewaacha watoto kwa sababu ya kuuliza angekuacha kwa sababu nyingine yoyote, na wengi hawako hivyo. Wengi huona haya kukutazama kwa kuwa nao inawauma.

Usimfuate siku ya mechi, wala mbele ya wenzako. Msubiri baada ya mazoezi, anapokusanya mipira, na wewe umsaidie kuikusanya. Mwamkie. Usiseme "kwa nini fulani ameitwa mimi nimeachwa". Sema, "Kocha, nataka kuingia mwakani. Nirekebishe nini?" Kisha nyamaza usikilize, hata akikuambia jambo linalouma, kwamba huna mguu wa kushoto au hurudi nyuma kukaba. Andika ukifika nyumbani, usije ukakumbuka yale matamu peke yake. Baada ya mwezi mrudie, umwonyeshe. Ukimkosa uwanjani, mfuate shuleni kwake Jumatatu, saa ya mapumziko ya chai.